Blanketi Kati ya Mama na Saksafoni

Mume wangu alikuwa mpiga saksafoni, na sitaki mtu anionee huruma kwa hilo, maana nilimkubali nikijua. Siku za kazi alikuwa kiwandani kwenye mitambo ya kuchemshia maji ya miwa, akirudi nyumbani ananukia molasesi mpaka kwenye nywele. Jumamosi alikuwa mtu mwingine kabisa: suruali imepigwa pasi, viatu vinang'aa, na bendi nzima inamngoja barabarani kama bwana harusi. Miaka ile bendi yoyote yenye magitaa na saksafoni ilijiita Jazz, hata kama ilichopiga ni rumba tupu. Yao ilikuwa ya pale Mayoni tulipoishi, wanaume waliojuana kiwandani na kwenye matrela ya miwa, na malipo ya miwa yalipotoka hawakuonekana majumbani.

Watu siku hizo walipanda miwa mpaka mlangoni pa jikoni. Jirani yangu aling'oa migomba, akang'oa mihogo, akang'oa hata ua alilopanda marehemu mama yake, akabaki na kijia chembamba cha kumfikisha chooni. Kila boma lilikuwa na mabati mapya, redio kubwa na gramafoni, na unga wa obusuma, ugali wetu, tuliununua kwa wachuuzi walioutoa Mautuma. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na nilikuwa na mdomo. Niliwaambia wazazi wa wanafunzi wangu kwamba gramafoni hailiwi. Waliitikia, "Ndiyo, mwalimu," kisha wakaenda kununua santuri nyingine.

Mama yangu aliishi Kabras, mjane katika boma alilojengewa na baba. Alikuwa mtu wa lile kanisa la kanzu nyeupe, kilemba na ngoma. Nyimbo zao hazikutoka kitabuni. Mtu alipewa wimbo ndotoni, akaamka nao mdomoni, akawafundisha wenzake kabla haujamtoka. Mama alipewa wake akiwa na mimba yangu. Ulikuwa wimbo wa mtu aliyetembea alfajiri mpaka mlangoni pa Bwana: "Nifungulie, Bwana, nimekuja na umande miguuni." Aliuimba kwenye matanga, kwenye maombi ya wagonjwa, shambani akipalilia. Alikuwa na sauti nzito kidogo, yenye mikwaruzo, na alipoipandisha juu watu waliacha walichokuwa wakifanya. Mimi sikurithi hata punje ya sauti hiyo. Yangu inafaa kuita kuku na kunyamazisha darasa la sita.

Siku moja tulikwenda Kabras kumzika mjomba. Mume wangu alikaa pale wanapokaa wakwe, nje ya ua, mbali na kina mama. Mama akaanza wimbo wake. Tulipokuwa tukirudi nyumbani nilimsemesha mume wangu mara mbili tatu, hakujibu, na mimi mtu asiponijibu napandwa na hasira upesi. Nilipokuwa nataka kumpasha, akasema, "Ile sauti haiko mahali popote isipokuwa kooni mwake. Akiondoka, imekwenda."

Mama alikuwa amezeeka. Kichwa kilimuuma karibu kila siku, na dawa yake ilikuwa kitambaa kilichokazwa kwenye paji la uso pamoja na maombi. Zahanati walisema ana presha, yeye akasema presha ni ya watu wa mjini. Nilikuwa nikimwangalia akiinuka kitini polepole, niko tayari kumdaka. Tangu siku ile ya mazishi nilitaka kitu kimoja tu duniani, kwamba siku mama atakapokuwa hayupo niwe na kitu cha kuweka kwenye gramafoni, nimsikie. Bendi ilikuwa na ndoto yake ya kutoa santuri ndefu, na mume wangu akawaambia wenzake kwamba itakuwa ya kiroho, pande zote mbili. Walidhani amelogwa. Mpiga gitaa la besi alimuuliza kama amefukuzwa baa fulani. Lakini walimheshimu, na nadhani hata wao walikuwa wamechoka kuimba habari za wanawake wa watu.

Tatizo lilikuwa mila. Kwetu mama mkwe na mkwewe hawazoeani hata kidogo. Hawapeani mikono, hawakai chumba kimoja, mmoja hali chakula mwenzake akimwona. Wakikutana njiani, mmoja huingia kwenye miwa ampishe mwenzake. Mkwe hatakiwi kumwona mama mkwe kichwa wazi, hata kama nyumba inaungua. Si chuki, ni heshima, na mama aliishika heshima hiyo kuliko alivyoishika fimbo yake. Katika miaka yote ya ndoa yangu hawa wawili hawakuwahi kusemezana ana kwa ana. Sasa mume wangu alitaka waimbe pamoja, chumba kimoja, wakati mmoja, kwa sababu fundi wa sauti alikuwa na mashine moja na jazz haipigwi vipande vipande.

Nilikwenda Kabras kumwomba. Mama alikuwa ndani akichambua maharage, mume wangu kasimama nje nyuma ya jiko, na mimi kwenye kizingiti katikati yao. Kila mmoja alimsikia mwenzake vizuri kabisa. Hata hivyo nilipaswa kupeleka maneno.

"Mwambie mkwe wangu," mama akasema, "mimi siimbangi na kitu imelala kwa pombe. Hiyo baragumu yake aioshe."

"Mwambie mama nitaiosha," sauti ikatoka nyuma ya jiko.

"Umesikia," nikamwambia mama.

"Mimi sijasikia kitu. Nimesikia wewe?"

Ikabidi nirudie: ataiosha. Mama akatikisa kichwa, akaridhika. Akataka bendi yote isionje pombe mpaka kazi iishe. Akataka ngoma na kayamba ziwe upande wake, na magitaa yawe upande ule mwingine, na katikati litundikwe blanketi.

"Blangeti nzito," akasema. "Si shuka. Shuka inaonyeshanga mtu."

"Mwambie mama tutaleta mbili."

"Moja inatosha. Mwambie asipoteze pesa."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Mama naye alicheka, kajifunika mdomo kwa upindo wa kanga ili kicheko kisivuke mlango. Yule nje alikohoa kwa adabu. Nakumbuka nilifikiri kwamba watu wangu hawa wawili, kwa namna yao ya kipuuzi, wanapendana.

Mwezi uliofuata nilikuwa tarishi. Mume wangu alikaa nje ya ua wa mama na saksafoni yake, mama akakaa ndani, wakafanya mazoezi. Aliimba mstari, saksafoni ikamjibu. Kama jibu halikumpendeza aliniita, "Mwambie amekimbia," na mimi nikatoka nje kumwambia amekimbia, naye akasema, "Nimesikia," nikamwambia hujasikia mpaka nikwambie. Watoto wa majirani walijaa kwenye ua. Kidogo kidogo sikuitwa tena. Wimbo ulikuwa unakwenda na kurudi juu ya ua bila mimi, na nilibaki nimekaa kwenye kizingiti mikono mapajani, sina kazi.

Tulirekodi wakati wa likizo, katika darasa la shule moja pembeni ya mji wa Kakamega, kwa sababu lilikuwa na umeme na kuta nene. Fundi wa sauti alitoka Nairobi, mtu mnene, mpole, mwenye miwani, na mashine yake ilikuwa na magurudumu mawili makubwa ya utepe. Aliziba madirisha kwa magodoro. Blanketi la kijivu lilitundikwa kwenye kamba kutoka ukuta mpaka ukuta. Upande mmoja bendi, upande wa pili mama na kina mama wa kanisa lake, na fundi akaketi mwisho wa blanketi ambako aliweza kuona huku na huku. Mimi nilikuwa upande wa mama. Trekta lililovuta miwa lilipopita barabarani ilibidi wote wanyamaze mpaka limalize kuguruma, na siku hizo yalipita mengi.

Asubuhi bendi ilimaliza upande wa kwanza wa santuri: sala zao walizotunga wenyewe juu ya mapigo yale yale ya Jumamosi, na nakiri zilipendeza. Mchana ikawa zamu ya mama. Hakuwa na wasiwasi wowote. Aliitazama ile mashine, akamuuliza fundi, "Hii itakuwa inaimba na mimi nimelala?" Fundi akasema ndiyo, mama. "Basi itanisaidia kazi," akasema, akavua viatu. Kitambaa cha kichwa kilikuwa kimekazwa chini ya kilemba. Nilimuuliza kama kichwa kinamuuma. Alinijibu kwamba kichwa si cha leo.

Waliimba nyimbo tatu za kanisa bila tatizo. Kisha wake. Ngoma ikaanza chini, kayamba ikaingia, na mama akafungua mdomo. Nimekwisha kusema sauti yake ilikuwaje, sitarudia. Alimwambia Bwana amefika na umande miguuni, na nyuma ya blanketi saksafoni ikamjibu taratibu, kama mtu anayekaribisha mgeni asitake kuwaamsha watoto. Hawakuwa wamewahi kupeana hata salamu. Siku ile walizungumza, na wote tuliokuwemo tulisikia.

Ubeti wa kwanza ukapita, wa pili ukapita. Katika wa tatu mama alilishika lile neno, umande, akalivuta. Alilivuta kuliko siku zote, likalegea mwisho wake, likageuka kitu ambacho si neno. Neno lililofuata likatoka hivyo hivyo. Mama kiongozi wa kanisa akainua mikono.

"Ameshukiwa! Roho ameshuka!"

Kina mama wakapiga makofi kwa nguvu. Katika kanisa lao ndivyo inavyokuwa. Roho akimshukia mtu ulimi wake humtoka, akasema maneno yasiyo ya hapa, mwili ukalegea, akashuka chini. Na akishuka hashikwi. Kumshika ni kumfukuza aliyemjia. Mnachofanya ni kumzunguka na kuimba zaidi, mumpe njia. Nimeyaona hayo tangu utotoni, na mara kadhaa nimemwona mama mwenyewe akishuka, kisha akaamka anang'aa na kuomba chai.

Na saksafoni ikamfuata. Mume wangu hakuona chochote, alikuwa na sikio tu. Alisikia sauti inaacha njia waliyoizoea, inateleza, inakwenda chini mahali ambapo hawakuwahi kwenda katika mazoezi, naye akaacha njia pamoja nayo. Mama akiteleza, naye anateleza. Mama akikata katikati ya pumzi, naye anakata, anangoja, anaingia pale anapoingia. Sijawahi kumsikia akipiga vile, na hajawahi kupiga vile tena. Magitaa yalikuwa yamenyamaza yote. Fundi alikuwa amefumba macho. Mimi nililia, na kilikuwa kilio cha furaha, maana nilijua utepe unazunguka na kwamba nimekipata nilichokitaka.

Mama alishuka polepole akiegemea ukuta, akaketi sakafuni, sauti bado inatoka. Tukamzunguka. Ngoma zikapanda. Kisha kilemba chake kikachomoka, na kile kitambaa nacho, vikaangukia begani, na nywele zake nyeupe zikaonekana zote.

Hakuinua mkono kuvichukua.

Hapo ndipo nilipojua. Roho amemshukia mama yangu mara nyingi, lakini hakuna Roho angemfanya akae kichwa wazi huku mkwe wake yuko nyuma ya blanketi. Hata usingizini alikishika kilemba. Nilipiga magoti, nikamwangalia usoni, na upande mmoja wa mdomo ulikuwa umeshuka, na jicho la upande huo halikunitazama. Nikapiga kelele. Mama kiongozi akanishika mkono, akaniambia, "Mwalimu, muache, usimuguse." Nikamsukuma. Ngoma zilichukua muda kunyamaza, kwa sababu waliokuwa nyuma hawakuona, na saksafoni ndiyo iliyonyamaza mwisho.

"Kuna nini?" mume wangu akauliza. "Mama watoto, kuna nini?"

Nilimwambia mama ameanguka. Niliona blanketi likitikisika pale alipolishika. Aliuliza, "Nije?" na mimi, Mungu wangu, nilikuwa nimemshika mama kichwa kikiwa wazi mapajani mwangu, kanzu yake imepanda magotini, na sikumwita. Wapiga magitaa wakazunguka blanketi, wakambeba, maana wao hawakuwa wameoa kwetu. Wakamtoa nje kwenye gari la vyombo. Mume wangu alibaki pale pale, saksafoni imening'inia shingoni, mtu mwenye nguvu kuliko wote mle ndani, mtu wa mitambo ya kiwandani, hawezi kusogea. Hata katika gari hakuweza kupanda. Alikuja hospitali kwa miguu.

Daktari alikuwa kijana na hakuwa na ubaya. Alisema ni kiharusi. Aliuliza kilianza saa ngapi, na sisi tukatazamana. Mama kiongozi akasema, "Alikuwa anaimba." Daktari akauliza, alipoacha kuimba ilikuwa saa ngapi? Tukamwambia hakuacha. Aliweka kalamu chini. Hakutugombeza. Ningependa angetugombeza, ningepata mtu wa kumrudishia maneno.

Mama alipona, kama kulala upande mmoja na kulishwa uji kwa kijiko ni kupona. Alielewa kila kitu, nadhani. Macho yake yalikuwa yale yale ya kunikosoa. Lakini maneno hayakurudi hata moja. Kilichobaki ni mlio mmoja wa kooni, mfupi, ambao ulikuwa wa njaa na wa maumivu na wa salamu, wote huo huo mmoja. Nilihamia Kabras siku za likizo na mwisho wa juma. Kumleta Mayoni haikuwezekana, maana angelala wapi katika nyumba ya mkwe? Hata maradhi hayakumpa ruhusa hiyo, na ningejaribu, yale macho yangeniua.

Mume wangu alitaka utepe uchomwe. Mimi sikujua nilitaka nini. Siku nyingine niliutaka kuliko chakula, siku nyingine nilitaka nimkanyage fundi na mashine yake. Lakini hakuna aliyetungoja tuamue. Fundi alikuwa ameurudisha Nairobi. Wenye kampuni ya santuri waliusikia, wakasema hawajasikia kitu kama hicho. Wanabendi, ambao walikuwa wamekaa bila pombe na bila malipo, waliona huu ndio mlango. Na kanisa ndilo lililotaka zaidi. Mama kiongozi alikuja Kabras na kina mama wenzake, wakaketi kuzunguka kitanda.

"Roho alimushukia kwanza," akaniambia. "Ugonjwa ilikuja nyuma yake, kwa wivu. Hiyo wimbo ni ushuhuda. Utaficha ushuhuda?"

"Ulikuwa ugonjwa tangu ubeti wa tatu," nikasema.

"Wewe ulijuaje?"

Sikujua. Mpaka leo sijui. Huenda zilikuwa pumzi chache za Roho kwanza, huenda hazikuwemo kabisa. Mama kiongozi hakuwa mwongo wala mjinga. Alimpenda mama kabla mimi sijazaliwa. Akamgeukia kitandani, akamuuliza kama anakubali wimbo wake uende kwa watu. Mama akatoa ule mlio. Akainua mkono wake mzima kidogo. Kina mama wakasema, "Amen, amekubali." Ungemuuliza kama anataka kuuzwa sokoni angetoa mlio huo huo, na niliwaambia hivyo, nikaambiwa nina maneno makali na nimwombe Mungu anipunguzie.

Santuri ikatoka na mavuno mapya ya miwa. Watu walikuwa na pesa, na walinunua. Upande wa kwanza hakuna aliyeupiga. Kila duka la Mayoni, kila kinyozi, kila mama wa chai aliyekuwa na redio, alipiga ule wimbo wa umande, na kila mtu alingojea ubeti wa tatu. Nimewaona wakata miwa, watu weusi kwa masizi ya miwa iliyochomwa kutoka kichwani mpaka miguuni, wamesimama nje ya duka na mapanga yao, wamenyamaza, wakati mama yangu anapoteza ulimi. Mwanamke mmoja alimleta mtoto mgonjwa, akamweka karibu na spika. Njiani walinisimamisha: "Mwalimu, mama ameimba! Ile mwisho, aki, ile mwisho!" Ningesema nini? Nilisema asante. Mtu anakushukuru kwa machozi yake mwenyewe, unamwambiaje kwamba amelilia mshipa uliopasuka?

Mume wangu walimsifu kuliko wote. Walisema saksafoni ile inaongea. Bendi ilialikwa mpaka Kisumu, na kila mahali waliitwa warudie huo, naye akasema hajui kuupiga, na watu wakadhani ni maringo. Akaacha kwenda. Jioni moja nilimkuta ameketi nyuma ya nyumba, saksafoni kwenye sanduku lake miguuni, hajaifungua. Nikamuuliza anafikiri nini. Kwa kawaida hajibu maswali ya namna hiyo.

"Nilidhani ananionyesha njia," akasema. "Kila alipoenda nilimfuata. Hakuna mahali nilimpoteza." Baadaye akaongeza, "Nilimfuata vizuri sana."

Nilikaa karibu naye. Baada ya hapo alizoea kuja Kabras nami, akapasua kuni za mama, akaziba mabati yaliyovuja, akapalilia miwa michache nyuma ya boma. Ndani hakuingia. Niliona alivyokuwa akisimama ukutani upande wa nje, pale kitanda kilipokuwa, kisha akirudi kwenye kuni.

Majirani walimletea mama redio ndogo ili asichoke na ukimya. Niliogopa, lakini kumnyima redio niliona ni kumzika mapema. Alisikiliza habari, alisikiliza mahubiri. Kisha Jumapili moja asubuhi, nikiwa namlisha uji, ikatokea. Ngoma chini, kayamba, halafu sauti yake. Kijiko kilibaki mkononi mwangu. Mama aliitazama redio. Hakuna kilichobadilika usoni mwake kwenye ubeti wa kwanza, wala wa pili. Ulipofika wa tatu akainua mkono mzima, akaunyoosha kuelekea redio, akatoa ule mlio.

Niliinuka upesi nikaipunguza. Akatoa mlio, mkali zaidi, mkono bado umenyooka. Nikadhani nimekosea, anataka asikie, nikaipandisha. Akatoa mlio ule ule. Machozi yalimtoka kwenye jicho moja. Nikamuuliza, "Mama, nizime? Niache?" Nikamwambia afumbe jicho kama ndiyo. Akanitazama, jicho wazi. Nikamwambia afumbe kama siyo. Akanitazama. Ndani ya kile kisanduku alikuwa akiimba, na saksafoni ilikuwa nyuma yake, inateremka naye hatua kwa hatua, na mimi nilikuwa nimesimama kati ya hao wawili, kidole kwenye kitufe cha sauti cha redio, mwanawe wa pekee, niliyetaka kuwa na sauti yake. Sikuzima wala sikupandisha. Nilikishika tu kile kitufe mpaka wimbo ukaisha na mtangazaji akaanza kusoma salamu za wasikilizaji, na mkono wa mama ulikuwa bado umenyooka.